Gauni tumelipima mara tatu, gari je?

Leo tutasema, atakayenuna anune.

Mwaka jana tulikwenda Matiri, kule Mbinga, kumchukua biharusi. Kurudi ni Songea, Njombe, Iringa, mteremko wa Kitonga, hadi Dar es Salaam kupanda boti: zaidi ya kilomita 1,000. Gauni tulilipima mara tatu. Gari la kukodi tukalifunga maua na utepe, basi. Hatujafika hata Mbinga mjini, breki zinakwaruza. Dereva anasema Mungu atatufikisha. Tukashuka. Fundi alipofungua gurudumu, pedi zimekwisha, chuma kinasaga chuma. Hebu fikirini Kitonga na breki zile!

Mtume (S.A.W.) alimwambia yule bedui amfunge ngamia kwanza, ndipo atawakali. Mbona sisi tawakkul tunaikumbuka kwenye pedi tu, kwenye mapambo hatuikumbuki? Mtatuambia gari lina stika ya usalama. Stika hubandikwa siku moja, tairi linalika kila siku. Na tairi lina tarehe, tarakimu nne ubavuni: 2318 ni wiki ya 23, mwaka 2018. Tunaolipa ni sisi, na tusiouliza ni sisi, eti mambo ya wanaume. Pesa za nani?

Harusi ya Shawwal tumeshapanga. Gari liende kwa fundi siku tatu kabla, na mmoja wetu asimame pale pale mpaka breki, taa, mikanda na tairi la akiba vitazamwe. Maua tutanunua pesa ikibaki.