Safari ya Chuo Kikuu Ianzie Kidato cha Tano

Kila mwaka, mwezi wa Mei, vijana wa kidato cha sita nchini Tanzania hufanya mtihani wao wa mwisho, na matokeo hutoka mnamo Julai. Katikati hapo wengi huwa makambini kwa mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, na wengine wamesharudi kwao vijijini. Kisha mambo huwaangukia kwa mkupuo: kuomba udahili, kuomba mkopo, kuthibitisha chuo, kutafuta pa kulala. Kijana aliyefundishwa miaka miwili namna ya kujibu mtihani hujikuta hajui aanzie wapi. Nasema maandalizi hayo ni wajibu wa shule na mzazi, na wakati wake ni kidato cha tano, wala si baada ya matokeo.

Tuanze na udahili. Tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi yake moja kwa moja chuoni, kwa hiyo mzigo wa kuchagua uko mabegani mwake. Kiwango cha chini kwa mwenye kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi 4, lakini kutimiza kiwango si kuchaguliwa, maana programu zenye waombaji wengi huchukua wenye alama za juu. Tena mwanafunzi wa mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) hawezi kugeuka Julai akaomba udaktari, unaodai Fizikia, Kemia na Baiolojia. Mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu huyaeleza haya yote, nao husomwa na wengi wakati hauwezi tena kubadili kitu.

Kwenye mkopo ndiko mnyonge anakoumia zaidi. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, humpima mwombaji kwa nyaraka. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Yatima huonyesha cheti cha kifo cha mzazi. Fomu hutaka mdhamini na sahihi ya serikali ya mtaa au kijiji. Mtoto ambaye kifo cha baba yake hakikuandikishwa popote ni yatima kwa majirani, lakini si yatima kwenye karatasi. Kuirekebisha kasoro hiyo kwaweza kula miezi, na dirisha la maombi halimngoji mtu. Familia ijue pia kwamba mkopo si sadaka: kijana akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake itakatwa hadi deni liishe.

Wako watakaosema walimu wamezidiwa na silabasi. Ni kweli, lakini ukaguzi wa vyeti hauhitaji somo jipya. Wahitaji alasiri chache kwa muhula, orodha ya nyaraka, na barua kwa mzazi kabla ya likizo. Wengine watasema chuo ni cha watu wazima, waacheni wajifunze kwa kujikwaa. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama wote wangejikwaa sawa. Mtoto wa msomi huulizia mezani kwao. Mtoto wa mkulima hana wa kumwuliza. Naye akifika Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akakosa chumba cha hosteli, atapanga mitaa ya jirani ya Sinza au Changanyikiwa kwa kodi asiyoitarajia, huku bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, likija kwa awamu na nauli ikidaiwa kila siku. Asiyejua kugawa fedha wala muda, akiwa hana kengele ya kumwamsha wala mwalimu wa zamu, supu, yaani mitihani ya marudio, haziko mbali naye, na baada ya supu kuna kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli.

Basi wakuu wa shule wavikague vyeti vya wanafunzi wao muhula wa kwanza wa kidato cha tano, na jina lililotofautiana lirekebishwe mapema. Wahitimu walioko vyuoni waalikwe waeleze gharama halisi, shilingi kwa shilingi. Mzazi naye aketi na mwanawe wapige hesabu ya mwaka mzima, wakijumlisha na uwezekano wa kupata mkopo pungufu au kuukosa kabisa. Taifa lililogharimia miaka kumi na mitatu ya shule ya kijana huyu halina sababu ya kumpoteza kwa kukosa karatasi moja.