Kazi za Mikono: Mngazi Wetu

Ninyi wanafunzi hasa, juma hili twawaomba mtoke nje kidogo.

Noeli iliyopita tuliingia katika darasa moja la Kasongo. Watoto walikuwa wametengeneza miti kwa vijiti na karatasi, ili kulipamba pango la Mtoto Yesu. Kazi ilikuwa safi. Lakini kila mti ulikuwa msonobari wa Ulaya, tena umetiwa pamba kuwa mfano wa theluji! Tukamwuliza mtoto mmoja: "Mlangoni kwenu pamesimama mti gani?" Akafikiri, akajibu: "Mti tu." Jibu hilo halijatutoka moyoni. Babu yake angalitaja jina lake, na dawa yake, na ndege walalao ndani yake.

Msonobari haukupewa umbo lile bure. Matawi yake huinama ili theluji iteleze, isiyavunje. Miti yetu nayo ina sababu zake, ila yataka kutazamwa. Mngazi, ambao wengine huuita mchikichi, hauna tawi hata moja. Una kichwa kimoja tu; ukikikata, mti wote wafa. Majani yake hayakupangwa mawili mawili, bali hulizunguka shina. Tazameni shingo za majani yaliyokatwa zamani: mtaona mistari minane ikipanda kwa kupinda kama kamba iliyosokotwa. Jani moja la mti mzima huwa na vijani mia mbili na zaidi. Nani kwenu amepata kuvihesabu?

Uko na ule mti uotao upesi katika mashamba yaliyoachwa, wenye mizizi iliyosimama juu ya ardhi kama miguu, na majani yaliyokunjuka kama mwavuli. Huo nao wafaa, lakini kwa mara ya kwanza anzeni na mngazi.

Basi, nendeni pamoja na mzee, katika njia ambazo wazazi wamezikubali. Mahali penye hofu msipite kwa ajili ya mti. Mwulizeni jina lake kwa Kibangubangu, kwa Kizimba au kwa Kikusu, mliandike papo hapo. Wazee hao hatutakuwa nao siku zote, wala majina hayo hayamo katika vitabu vya shule. Msikate kitu kibichi, okoteni vilivyoanguka.

Nyumbani, simamisheni kijiti imara, mkakizungushie udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga kidogo. Ungali mbichi, chomekeni pande zote vipande vidogo vya ukuti mkavu, mkiifuata ile mistari yenye kupinda. Hizo ndizo shingo za majani ya kale. Kwa majani, chukueni vijiti vyembamba vya ufagio, mvifunge maganda makavu ya mgomba yaliyochanwa vipande vyembamba. Majani machanga yasimame wima katikati, yaliyozeeka yaanguke kandoni. Watoto wengi huyasimamisha yote, na mti wao hufanana na ufagio. Nasi wenyewe tulikosa hivyo mara mbili.

Chini yake andikeni lile jina mlilopewa na mzee. Kisha uwekeni kivulini siku kadhaa. Mkiuharakisha juani, utapasuka shingoni kabla ya Jumapili.