Mwenye video ya UFO atupe saa, mahali na faili

Mchana wa Novemba 11, 2014, helikopta ya Jeshi la Majini la Chile ilikuwa ikiruka kandokando ya pwani, magharibi ya Santiago. Fundi aliyekuwa akijaribu kamera ya kunasa joto aliona kitu kwa mbali, akakiandama kwa kamera hiyo kwa dakika tisa hivi. Kwenye kioo kilionekana kama madoa mawili yenye joto kali, na mara mbili kiliacha nyuma yake wingu refu. Rubani aliwauliza watu wa rada, wakamjibu kuwa hawaoni kitu mahali pale. Alikiita kwa redio, hakikujibu.

Picha hizo zilikwenda CEFAA, ofisi ya mamlaka ya usafiri wa anga ya Chile inayochunguza mambo ya aina hii. Wataalamu wake walikaa nazo miaka miwili, wakashindwa kukitambua kitu kile, na Januari 2017 wakaziweka hadharani pamoja na saa na mahali zilipopigwa. Ndani ya siku chache, watu wasio na cheo chochote walipekua kumbukumbu za safari za ndege za mchana ule, wakaipata. Ilikuwa Iberia IB6830, ndege ya abiria yenye injini nne, iliyokuwa imetoka Santiago kwenda Madrid. Yale madoa mawili yalikuwa joto la injini zake, mbili kila upande. Ndege ilikuwa mbali zaidi na juu zaidi kuliko wale wa kwenye helikopta walivyokadiria, na waliokuja baada yao wakajenga juu ya makadirio hayo.

Tumeichagua Chile kwa sababu hakuna aliyedanganya. Rubani alikuwa na uzoefu, kamera ilikuwa ya kijeshi, ofisi ilikuwa ya serikali, na bado walikosea. Kilichotatua fumbo ni saa na mahali, na CEFAA wanastahili heshima kwa kuvitoa. Msimamo wetu ni kwamba mtafiti wa UFO apimwe kwa kile anachowakabidhi wengine ili wamkague. Asiyekabidhi kitu hajatupa sababu ya kumwamini, hata awe na sauti nzito kiasi gani na wafuasi milioni ngapi.

Tazama video iitwayo GOFAST, iliyopigwa na ndege ya kivita ya Jeshi la Majini la Marekani mwaka 2015 na kutolewa rasmi na Pentagon mwaka 2020. Kitu kidogo cheupe kinaonekana kikichapa mbio juu ya bahari, na sauti za marubani zimejaa mshangao. Lakini kwenye kioo kilekile kuna namba: kimo cha ndege, pembe ya kamera, umbali. Jopo la NASA lililotoa ripoti yake Septemba 2023 lilizichukua likapiga hesabu ya pembetatu, ile inayofundishwa sekondari. Ndege ilikuwa futi 25,000 juu, kitu kikiwa kwenye futi 13,000 hivi, na mwendo wake wa wastani ulikuwa kama kilomita 64 kwa saa. Upepo peke yake unaweza kusukuma kitu kwa mwendo huo. Mbio zile zilikuwa za ndege yenyewe, kama abiria wa basi anavyoona nguzo za umeme zikikimbia kurudi nyuma. Anayeisambaza video hiyo leo akikata namba za pembeni amekuondolea jibu, na huyo asiitwe mtafiti.

Kuna watu pia ambao historia yao inapaswa kutangulia video zao. Mei 5, 2015, mwanahabari Jaime Maussan aliwakusanya maelfu ya watu ukumbini Mexico City, kwa tiketi, awaonyeshe slaidi mbili za zamani. Ilidaiwa kuwa ni mwili wa kiumbe kutoka sayari nyingine, na jina la Roswell, mji wa Marekani unaohusishwa na visa vya UFO, likatajwa. Mbele ya mwili huo kulikuwa na kibao chenye maandishi yaliyofifia, nao wahusika wakasema hayasomeki. Baada ya onyesho, nakala nzuri ya slaidi iliwafikia wakosoaji, na kwa programu ya kusafisha picha wakakisoma kibao kwa siku chache tu: mwili uliokaushwa wa mtoto wa kiume wa miaka miwili. Ni mtoto wa wenyeji wa asili wa Marekani, ambaye mabaki yake yalichimbuliwa Arizona karne ya 19 na kuwekwa kwenye kabati la makumbusho. Linatukera hadi leo kwamba watu walilipa kiingilio kumtazama marehemu mtoto wa watu akiitwa kioja. Septemba 2023 Maussan huyohuyo alisimama mbele ya wabunge wa Mexico na miili miwili midogo ndani ya masanduku, akidai si ya binadamu. Mhariri yeyote aliyeipeleka hewani habari hiyo bila kuutaja mwaka 2015 aliwanyima watu wake walichohitaji zaidi.

Kiapo nacho kina mipaka yake. Julai 26, 2023, ofisa wa zamani wa ujasusi David Grusch aliiambia kwa kiapo kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi la Marekani kuwa serikali inaficha vyombo visivyo vya binadamu. Alisema pia kwamba ushahidi wake unatokana na aliyoelezwa na wengine. Inawezekana alisema kweli tupu kuhusu aliyoyasikia. Vyombo vyenyewe bado hatujaonyeshwa.

Hata hivyo rubani anayeripoti asichekwe. Kitu kilicho kwenye njia ya ndege ni hatari, kiwe puto au droni, na kumdhihaki aliyekiona ni kumfundisha kunyamaza safari nyingine.

Kwetu tunao mfano mzuri wa kutoa kinachoweza kukaguliwa. Desemba 30, 2024, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka angani kijijini Mukuku, Makueni. Januari 1 Shirika la Anga za Juu la Kenya lilitaja kipenyo chake, mita 2.5, na uzito wake, karibu kilo 500, likasema kwa tathmini ya awali ni pete ya roketi. Mwenye hoja nyingine alikuwa na vipimo vya kuanzia.

Video nyingi hutufikia kwa WhatsApp, zikiwa zimefinywa na taarifa za ndani ya faili zimepotea, wakati huu ambapo kompyuta inaweza kutengeneza video nzima kutokana na sentensi moja. Kwa hiyo tunawaomba wahariri wenzetu wa redio, televisheni na mitandao wamtafute aliyepiga video, wapate faili la kwanza, waulize saa ngapi, wapi na alielekeza kamera upande gani, kisha walinganishe na safari za ndege na ratiba za kupita kwa setilaiti za Starlink, ambazo wakati mwingine huonekana jioni kama msururu wa taa. Kazi hiyo haimalizi saa moja, na ifanyike kabla ya matangazo.