Gari la Wagonjwa si King'ora



Wako watakaouliza: gazeti la visiwani lina haja gani na barabara za Arusha? Twajibu kwamba wana wa Unguja na Pemba wako huko, wasomao, wafanyao biashara na waliooa. Na lau asingelikuwako hata mmoja, wazee wetu wametuusia: mwenzio akinyolewa, wewe tia maji.

Jumamosi ya tarehe 6 Mei 2017, basi la Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni huko Rhotia, wilaya ya Karatu. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walifariki dunia. Watoto watatu walinusurika, na miongoni mwa waliowashughulikia mwanzo walikuwamo wageni wa Kimarekani waliokuwa wakipita njia. Tarehe 24 Februari 2024, chini ya Mlima Meru, penye Kibaoni ya Ngaramtoni, lori liliyagonga magari mengine, na watu 25 wakafa. Haikupita miezi miwili, tarehe 12 Aprili, mafuriko yakalisomba gari la shule jijini Arusha, na watoto kadhaa wakafa maji. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Hatusemi kwamba fulani angelipona. Hilo alijua Mola. Twasema kwamba msaada wa mpita njia ni bahati, na serikali haiwekwi ili wananchi waishi kwa bahati.

Yafaa ifahamike jinsi mauti yanavyomjia majeruhi. Ubongo ukikosa oksijeni huanza kudhurika kwa muda wa dakika nne au sita tu. Mtu aliyezimia hulegea ulimi, ukarudi nyuma na kuziba koo, akafa kwa kukosa hewa ilhali jeraha lake lilikuwa la kupona. Mtumishi aliyefunzwa hutazama kwanza njia ya hewa. Akihofu kwamba shingo imevunjika, huinua taya bila ya kuikunja shingo. Kisha huhesabu pumzi: mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 hadi 20 kwa dakika. Akiona pumzi zimekatika, hushika mfuko wa kupumulishia, akautia uso wa mgonjwa barabara, akaubana mara moja kwa kila sekunde tano au sita, kiasi cha kifua kuinuka, basi. Akiubana kwa pupa, hewa huingia tumboni, mgonjwa akatapika, na matapishi yakaingia mapafuni. Chombo kile kile kiokoacho huua katika mkono usiojua.

Na huko Meru kuna jambo la zaidi. Mlima ule unapita mita 4,500, na kileleni shinikizo la hewa ni zaidi kidogo tu ya nusu ya lile la pwani kwetu. Wako wapandao wakajaa maji mapafuni. Dawa ya kwanza ni kuwateremsha upesi na kuwapa oksijeni. Asiyejua kuhesabu pumzi atasema mpagazi yule amechoka tu, mwacheni alale.

Sasa twageukia wakubwa. Mwaka 2021 Serikali ya Muungano ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika fedha zile yakanunuliwa magari ya wagonjwa. Hatuyabezi magari hayo. Lakini twauliza: nyuma ya dereva ameketi nani? Gari lenye king'ora na rangi mpya, lisilo na mtu ajuaye kumpumulisha mgonjwa, ni teksi iendayo mbio. Mgonjwa aliyekata pumzi Ngaramtoni hatafika hospitali ya Mount Meru akiwa hai kwa sababu ya mbio peke yake.

Wataambiwa wananchi kwamba mafunzo ni ghali. La hasha! Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2018 mafunzo ya huduma za msingi za dharura, ambayo humalizika kwa siku chache na hayahitaji mitambo mikubwa. Mfuko wa kupumulishia ni kitu kidogo mno mbele ya bei ya gari moja. Muhimbili ilifungua idara yake kamili ya dharura mwaka 2010, na madaktari wa fani hiyo husomeshwa humu humu nchini. Walimu hawakosekani.

Na sisi visiwani tusijifanye watazamaji. Hatujasahau Spice Islander iliyozama Nungwi mwezi Septemba 2011, wala Skagit iliyozama karibu na Chumbe mwezi Julai 2012. Aliyeopolewa majini bila ya pumzi hafai kuning'inizwa miguu juu wala kukamuliwa tumbo, kama wengi wetu tulivyozoea kuona. Anataka pumzi, na anaitaka pale pale gatini au ufukweni. Tena afya si jambo la Muungano. Wakubwa wa Unguja hawana Dodoma ya kuisukumia lawama hii.

Basi twadai mambo matatu, kwa Arusha na kwa visiwa vyetu. Kwanza, gari la wagonjwa lisitoke bila ya mtumishi aliyefunzwa kumpima na kumpumulisha mgonjwa, na mafunzo yake yarudiwe kila mwaka, kwani mkono usiozoezwa husahau. Pili, kila gari liwe na mfuko wa kupumulishia wa mtu mzima na wa mtoto, na mtungi wa oksijeni uliojaa. Tatu, hesabu ya magari na ya watumishi waliofunzwa itangazwe hadharani.

Kila tawi na liulize: gari letu la wagonjwa lina nani ndani yake? Ulizeni kwa adabu, mkiandika jina la aliyejibu na tarehe. Asiyejibu, naye mwandikeni.