Jino la Kuzibwa Lising'olewe

Katika mwaka wangu wa pili hapa shuleni nilikuwa na gego lenye tundu dogo, mfano wa kichwa cha kiberiti. Kwa kuwa halikuniuma sana, nilinyamaza. Muhula wa tatu likaniamsha usiku, shavu likavimba, nikakosa mitihani miwili. Nilipopelekwa zahanati nikang'olewa. Hapakuwa na mtu wa kuniambia kwamba muhula mmoja tu kabla ya hapo jino lile lingeweza kuzibwa. Hata leo natafunia upande mmoja.

Nilikumbuka habari hiyo nilipokuja kuitembelea shule na kukuta vijana wakibishana bwenini juu ya leza. Mmoja alisema kuwa kekee ya mganga wa meno ni mambo ya kale, na kwamba yeye atangoja mpaka leza ifike wilayani kwetu ndipo atibiwe. Wenzake walimshangilia. Mimi sikumshangilia, na sababu zangu ni hizi.

Leza ni chombo cha ajabu, sikatai. Ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California mwaka wa 1960, na mwaka wa 1997 Marekani iliruhusu leza ya erbiamu itumike kuondoa ubovu wa meno. Mwanga wake hunywewa na maji yaliyomo ndani ya jino. Maji hayo hugeuka mvuke ghafula, na chembe za jino huruka. Hakuna mtetemo wa kekee, na mara nyingi maumivu ni machache. Lakini chombo hicho ni ghali, na kazi yake ni ya polepole kuliko ya kekee. Tena watu husahau jambo moja: leza hutoboa tu, haizibi. Ikiisha kazi yake, tundu liko pale pale, nalo lataka kujazwa.

Lijazwe kwa nini? Tangu karne ya 19 watu wametumia amalgamu, yaani fedha, bati na shaba zilizochanganywa na zebaki. Zebaki ni karibu nusu ya uzito wake. Kizibo hicho ni kigumu na hudumu miaka mingi, lakini zebaki inayotupwa huharibu maji na samaki. Kwa hiyo Mapatano ya Minamata, yaliyoanza kutumika mwaka wa 2017, yalitaka matumizi yake yapunguzwe, na Umoja wa Ulaya uliikataza tangu Januari 1, 2025, isipokuwa kwa haja maalumu za matibabu. Hata hivyo, mwenye kizibo kizima cha namna hiyo asikimbilie kukitoa. Iko pia rezini yenye rangi ya jino, nzuri kwa macho, ila hutaka jino kavu kabisa na taa ya kuigandisha.

Cha tatu ndicho ningependa kila mwanafunzi akijue. Ni simenti ya unga wa kioo na asidi, waliyoibuni Alan Wilson na Brian Kent huko London mwishoni mwa miaka ya 1960. Hushikana na jino lenyewe, na hutoa floridi kidogo kidogo. Katikati ya miaka ya 1980, kwa jirani zetu Tanzania, Jo Frencken na wenzake walianza njia ya kuziba meno bila kekee wala umeme: ubovu hukwanguliwa kwa vyombo vya mkono, kisha tundu hujazwa. Baadaye simenti hiyo ya kioo ikawa ndiyo kizibo cha njia hiyo. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiwi. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani liliitia simenti hiyo katika orodha yake ya dawa za lazima.

Labda mtu atasema kuwa simenti hiyo ni dhaifu. Ni kweli, katika tundu kubwa haishindani na amalgamu. Lakini katika tundu dogo hudumu vizuri, na kila tundu kubwa lilikuwa dogo kwanza.

Kwa maoni yangu, shule imwalike mganga wa meno kila mwaka, aje na vyombo vyake vya mkono na simenti, awatazame wanafunzi wote kabla hawajaumwa. Sisi wanafunzi wa zamani, tunaochanga kila mwaka kununua kikombe cha michezo, na tuchangie siku hiyo pia. Kikombe hakitafuni mahindi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta ukianguka hujengwa tena. Jino la ukubwani halioti tena. Aliye na tundu leo asingoje leza. Na aende akazibwe.

Mwanafunzi wa Zamani