Fleti za Likizo Pwani: Tuseme Ukweli



Maswali juu ya zile fleti za likizo za pwani ya Kenya yamekuwa mengi katika matawi yetu. Mmoja anauliza kama ni kweli kwamba familia nzima inaweza kukaa wiki nzima Bamburi kwa fedha ambazo hoteli ingemtoza mtu na mkewe kwa siku chache tu. Mwingine anauliza kama maji ya huko yanafaa kunywa. Baadhi yetu tumekwisha kukaa katika fleti hizo, Nyali, Bamburi na Diani, na wengine wetu zaidi ya mara moja. Tumeona afadhali tuyaseme hapa tuliyoyaona, matamu na machungu, maana matangazo husema matamu peke yake.

Kwanza tukubali kwamba bei ndiyo inayotupeleka huko, wala si jambo la aibu. Hoteli huhesabu vichwa. Fleti huhesabu usiku. Mfanyakazi mwenye watoto watano, mama mkwe na mpwa anayesoma hawezi kuwalipia wote chakula cha hotelini. Lakini vyumba vitatu vyenye jiko, vikikodiwa na familia mbili kwa pamoja, vinalipika. Tena kuna jambo la heshima. Katika fleti hakuna mtu anayekutazama viatu mlangoni, wala hakuna anayekuuliza watoto wako wamelala wangapi kitanda kimoja. Mnakula mnapotaka, mnaongea kwa sauti mnayotaka. Kwa mtu anayeamriwa na kengele na msimamizi miezi kumi na moja, hilo si jambo dogo.

Likizo yenyewe ni haki iliyopiganiwa. Mwaka 1936 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 52, uliotaka mfanyakazi apewe angalau siku 6 za kazi za likizo ya malipo kwa mwaka, na mwaka huo huo wafanyakazi wa Ufaransa walipata wiki 2 baada ya migomo mikubwa. Mwaka 1970 Mkataba namba 132 ukapandisha kiwango hadi wiki 3. Hapa Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inatoa siku 7 kwa kila miezi 4 ya kazi mfululizo, yaani siku 21 kwa mwaka. Kwa hiyo tunapouliza siku hizo tuzitumie vipi, hatuulizi jambo la anasa.

Safari ni ndefu, na mtu aihesabu kabla hajaondoka. Wazee wetu wa Reli za Afrika Mashariki walikuwa wakisafiri kwa pasi ya likizo, na reli ilikuwa moja mpaka Jumuiya ya zamani ilipovunjika mwaka 1977. Leo hakuna treni ya abiria ya kukutoa Kampala na kukushusha Mombasa. Ni basi, kilomita zaidi ya 1,100, au basi mpaka Nairobi na kisha ile reli mpya iliyoanza mwaka 2017, nayo hukushusha Miritini, nje ya kisiwa, ambako hapana budi kutafuta gari lingine. Jambo jema ni kwamba tangu mwaka 2014 Mganda huvuka mpaka wa Kenya kwa kitambulisho cha taifa tu. Hata hivyo, anayepewa wiki moja asijidanganye: kwenda na kurudi kutamla karibu siku nne.

Sasa tuje kwenye fleti yenyewe. Tangazo litasema "hatua chache kutoka baharini". Muulize mwenye nyumba: hatua chache upande gani wa barabara? Bamburi, na Diani vilevile, barabara kuu hupita sambamba na pwani. Viwanja vya upande wa bahari vilichukuliwa zamani na mahoteli na matajiri, na fleti nyingi za bei yetu ziko upande wa bara. Kwa hiyo utavuka barabara yenye matatu zinazokwenda mbio, upite katika kichochoro kati ya kuta mbili ndefu, ndipo uione bahari. Ufuo ni wa watu wote, na hakuna hoteli inayoweza kukuzuia usitembee mchangani. Lakini haki ya kutembea ufuoni haisaidii sana kama kichochoro cha kufikia hapo kimefungwa kwa geti. Uliza njia iko wapi, na uulize kama iko wazi.

Maji ndiyo yatakayowashangaza wengi wetu tuliozoea maji ya ziwa. Mombasa haina mto wa kuitosha. Maji yake matamu hutoka mbali, Mzima, Marere, Tiwi na Baricho, na hayatoshi mji. Kwa sababu hiyo majumba mengi yamechimba visima vyao, na maji ya visima hivyo mara nyingi yana chumvi. Sabuni haitoi povu, chai haina ladha, na nywele za akina mama huwa kama katani. Ya kunywa na ya kupikia utanunua kwa mtungi. Weka gharama hiyo katika hesabu yako. Umeme nao siku hizi ni wa kulipia kabla. Uliza ni nani anayeulipia, kwa maana mashine ya kupoza hewa hula umeme kama moto ulavyo nyasi kavu. Sisi twashauri feni na chandarua. Na mtungi wa gesi uutikise siku ya kwanza, mwenye funguo akiwa bado amesimama mlangoni.

Juu ya bahari hatusemi mengi, nyote mtaipenda. Ila mtu wa bara ajue kwamba bahari ya huko huenda na kurudi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mpaka karibu na mwamba, na watoto waliosafiri siku mbili kuja kuogelea hukuta mchanga, mwani na vidimbwi. Hakuna aliyewaibia bahari. Wangoje saa sita hivi, itarudi. Disemba, wakati wa kaskazi, hali ya hewa ni nzuri na bei iko juu kabisa. Aprili na Mei ni masika, bei huanguka pamoja na mvua. Agosti kuna upepo wa kusi na mwani mwingi ufuoni, lakini jua si kali na fleti hupatikana.

Hayo yote ni madogo. Kuna mambo mawili makubwa zaidi, na ndiyo yaliyotufanya tuandike.

La kwanza ni hili. Katika fleti, likizo ya baba na likizo ya mama si likizo moja. Tumeyaona kwa macho yetu. Baba ameketi kibarazani na gazeti, watoto wamekwenda kuoga baharini, na mama, ambaye naye ni muuguzi au mwalimu aliyepewa siku zake 21 kwa sheria ile ile, yuko jikoni anawapikia watu tisa kwenye jiko la mafiga mawili. Asubuhi chai na maandazi, mchana wali, jioni ugali na samaki, na katikati yake sufuria za kusuguliwa kwa maji yasiyotoa povu. Amesafiri kilomita elfu moja na zaidi ili abadilishe sinki. Hoteli, pamoja na ubaya wake wote, humtoa jikoni. Fleti humrudisha, tena kwenye jiko ambalo halijui, lenye kisu kisichokata.

Tukubali basi kwamba unafuu wa fleti, kwa sehemu kubwa, hulipwa kwa kazi ya mke. Baba anayejisifu kwamba ameokoa fedha nyingi kwa kutokwenda hotelini aulizwe ni nani aliyeziokoa. Mwenzetu mmoja wa tawi la uchukuzi alibandika ukutani zamu za upishi siku ya kwanza, na jina lake likawa la kwanza. Wali wake uliungua, uliliwa. Hilo lawezekana katika kila familia, wala halihitaji kikao cha kamati kuu.

Wengi lakini hulikwepa jambo hilo kwa njia nyingine: humwajiri mpishi. Na hapo ndipo linapoingia jambo la pili.

Fleti huja na watu. Kuna mama anayefagia na kufua shuka, kuna mpishi anayeitwa kwa simu mgeni akimtaka, kuna bawabu anayekesha getini. Katika nyumba moja tuliyokaa, upande wa kaskazini wa mji, mama aliyetuhudumia alitueleza kwamba hulipwa kwa siku ambazo wageni wapo, na wageni wasipokuwapo halipwi kitu. Tulipomuuliza mwajiri wake ni nani alicheka. Mwenye nyumba, alisema, humwambia aongee na msimamizi, na msimamizi humwambia kwamba yeye ni wakala tu. Bawabu alikuwa akiingia saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, siku saba za wiki. Hao wote walitutendea kwa wema mkubwa. Nasi, watu wa chama, tulikuwa tukilala juu ya shuka zilizofuliwa na mtu asiye na mkataba, asiye na likizo, wala mahali pa kupeleka malalamiko.

Mfanyakazi wa hoteli kubwa hana maisha ya raha, tunajua. Lakini yuko na wenzake mia chini ya paa moja, ana msimamizi anayeonekana, na ana chama, KUDHEIHA, kinachoweza kukaa mezani na waajiri wakaandikiana mapatano. Fleti imemtawanya mfanyakazi huyo. Mmoja yuko ghorofa ya pili ya jengo hili, mwingine ghorofa ya nne ya jengo lile, na wenye nyumba wako Nairobi, wako Ulaya, na tusifiche, wengine wako hapa hapa Kampala. Kazi ni ile ile ya hoteli. Kilichopotea ni haki za hoteli.

Sheria haziko kimya kabisa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, hawi kibarua tena, ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 inazihesabu fleti na nyumba za likizo miongoni mwa biashara za kupewa leseni. Na Mkataba namba 172 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1991, juu ya wafanyakazi wa mahoteli na mikahawa, unataka mfanyakazi alipwe mshahara wa msingi kwa vipindi maalumu bila kutegemea bakshishi. Soma tena hapo. Bakshishi si mshahara. Mgeni anayeacha noti mezani siku ya kuondoka na kujiona amemaliza wajibu wake hajamaliza.

Wako watakaosema kwamba fleti hizi zimewapa riziki watu waliopoteza kazi mahoteli yalipofungwa mwaka 2020. Ni kweli, na mama yule tuliyemtaja alikuwa mmoja wao. Lakini kurudi kazini kwa nusu ya haki ulizokuwa nazo si jambo la kushukuriwa na watu wa chama. Wengine watasema hilo ni la Wakenya, sisi lipi letu? Letu ni kwamba mgeni anayemwajiri mpishi kwa siku tano amekuwa mwajiri kwa siku tano. Tumewasikia wanachama wetu, watu wanaopiga kelele mkutanoni juu ya mishahara, wakimpunguzia mpishi bei mpaka akakubali kwa unyonge. Na tusijione bora kuliko jirani. Huko kima cha chini cha mshahara hutangazwa na kupandishwa. Hapa kwetu kile cha kisheria kimekaa palepale tangu mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi.

Kwa hiyo anayekwenda na aende, lakini afanye haya. Kabla ya kutuma arbuni, aulize kwa maandishi: leseni ipo? Anayesafisha analipwa na nani, kwa mwezi au kwa siku? Mwenye nyumba akikasirika kwa swali hilo, umekwisha kupata jibu. Tafuta nyumba nyingine. Arbuni isitumwe kwa mtu ambaye hakuna unayemjua aliyewahi kulala kwake, kwani matapeli ni wengi na picha huibwa. Mpishi apatanwe naye siku ya kwanza, kazi na saa zijulikane, apewe siku ya kupumzika, na asiitwe "boi", ni mtu mzima mwenye jina.

Kwa upande wa chama, kuna kazi kubwa zaidi ya kutoa mashauri. Wafanyakazi wa umeme na gesi wa Ufaransa wana shirika lao, CCAS, lenye vijiji vya likizo, na familia za wafanyakazi hukaa huko kwa malipo yanayolingana na kipato. Hatuna fedha za kujenga kijiji. Lakini tunaweza kuafikiana na wenzetu wa KUDHEIHA, watuelekeze kwenye majengo ambayo wafanyakazi wake wana mikataba, nasi tuwapelekee wageni kwa makundi, familia kumi au ishirini kwa mara moja. Mwenye fleti atakayetaka makundi hayo atalazimika kuandika mikataba. Hiyo ni nguvu ambayo mgeni mmoja mmoja hana.

Jambo hili tutalipeleka kwenye mkutano ujao wa wajumbe wa matawi. Tawi lililo tayari kujaribu likizo ya Agosti na lituandikie mapema, litaje idadi ya familia, idadi ya watoto, na kama wanataka upande wa Bamburi au ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Tafadhali barua hizo zitiwe sahihi na mume na mke wote wawili.