Delft: Chuo cha Maji na cha Makoloni

Kuna mazoea ya kukisifu Chuo Kikuu cha Ufundi cha Delft, huko Uholanzi, kuwa ni mtoto wa maji. Sehemu kubwa ya nchi ile iko chini ya usawa wa bahari. Kwa hiyo, husemwa, watu wake walihitaji wahandisi, wakajenga chuo. Maneno hayo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli.

Mfalme Willem wa Pili alikianzisha chuo hicho Januari 8, 1842. Kwa zaidi ya miaka 20, nyumba ile ile iliyofundisha ujenzi wa madaraja na kuta za bahari iliwaandaa pia maofisa wa kwenda kuitawala Indonesia. Wakati huo wakulima wa Java, tangu mwaka 1830, walikuwa wakishurutishwa kulima kahawa, miwa na nili kwa ajili ya serikali ya kikoloni, na faida ikimiminika katika hazina ya Uholanzi. Anayezisifu reli za Uholanzi za karne ile asiitaje Java amemficha mmoja wa walipaji.

Hapana anayebeza kazi ya maji. Cornelis Lely, aliyehitimu Delft mwaka 1875, alitoa mwaka 1891 mpango wa kuiziba ghuba ya Zuiderzee. Mpango ukalala kabatini, kama yalalavyo mafaili mengi ya serikali popote duniani, hadi gharika ya mwaka 1916 ilipowazindua wakubwa. Sheria ikapitishwa mwaka 1918. Ukuta wa kilometa 32 ulikamilika mwaka 1932, Lely akiwa amekwisha kufariki.

Delft ilipewa haki ya kutoa shahada ya udaktari mwaka 1905, na jina la chuo kikuu mwaka 1986. Je, watawaliwa walipata nini? Walingoja hadi mwaka 1920 ndipo chuo cha uhandisi kikafunguliwa Bandung. Wala haikuwa huruma: Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeikata njia ya kuwaleta wahandisi kutoka Ulaya, na mkoloni alibanwa na haja zake mwenyewe.

Miongoni mwa waliohitimu uhandisi wa ujenzi Bandung mwaka 1926 alikuwamo kijana Sukarno. Mwaka uliofuata alishiriki kuanzisha chama cha kudai uhuru, na Agosti 17, 1945 yeye ndiye aliyeutangaza uhuru wa Indonesia.